Leseni yangu ya kuuza magari inamlinda nani?

Mzee alifika yadi yangu ya magari hapa Mtwara na mpwa wake, wametoka Tandahimba na basi la alfajiri. Alikuwa anatafuta Probox, hataki gari ya mbwembwe, anataka ya kubeba magunia msimu wa korosho na ya kumpeleka mama hospitali akizidiwa. Nikawakaribisha ofisini, nikawapa maji, nikamwambia Probox ninayo moja pale nje na nyingine inakuja. Mpwa akakaa. Mzee hakukaa, akasogea ukutani pale nilipotundika leseni, akatoa miwani mfukoni, akaanza kuisoma. Yani aliisoma kweli, kutoka jina la biashara mpaka tarehe ya mwisho, kidole kinafuata mstari kwa mstari.

Halafu akanigeukia.

"Mwanangu, hii karatasi, mimi nikipata tabu na gari yako, itanisaidia nini?"

Nikamjibu kwamba hiyo ni leseni ya halmashauri baba, maana yake natambulika, nalipa kodi, siyo mtu wa kukutana naye barabarani. Akatikisa kichwa taratibu.

"Sawa, serikali imekujua wewe. Mimi nimeuliza upande wangu."

Sikuwa na la kumjibu. Probox waliiangalia, mpwa akalala kabisa chini kwenye changarawe akaangalia uvunguni, wakachukua namba yangu wakasema wanaenda kuongea na familia. Mimi nikabaki na lile swali. Limenikaa kichwani wiki nzima, na iliyofuata, na iliyofuata, nikifungua ofisi asubuhi kitu cha kwanza naiona ile leseni na namsikia mzee.

## Nilichokuwa nakitafuta

Wengi mnaonisoma hapa mnanijua kwa udalali. Mtu ana gari Shangani au Mikindani anataka kuuza, ananitumia picha, naweka status, naandika yale yale tunayoandika wote, namba D (usajili wa herufi D), injini haijafunguliwa, AC inapuliza, kadi OG (kadi halisi ya umiliki), bei maelewano. Naweka cha juu changu, mnunuzi akipatikana tunakutana kwa wakili, hela inahama, kila mtu anashika njia yake. Kazi hiyo imenilisha na imesomesha watoto wangu, siwezi kuisema vibaya na nitagombana na anayeidharau.

Kilichonisukuma kwenye leseni ni risiti.

Kuna taasisi walikuwa wanataka gari mbili za kazi, wamezipenda, bei tumekubaliana, afisa manunuzi ananiambia dada tuletee profoma, yaani ankara ya bei, na utuandalie risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Sina mashine, sina hata jina la biashara. Wakaenda kununua Dar, zaidi ya kilometa 500 kutoka hapa, gari ambazo zilikuwa zimepaki Mtwara hii hii chini ya mwembe. Hiyo iliniuma. Nikasema sasa basi, nataka niwe na mahali, nataka mtu akitaja gari Mtwara aseme nenda pale, siyo piga namba hii.

Kwahiyo mimi nilivyoanza kutafuta leseni nilikuwa nafikiria mauzo. Nakiri hilo wazi kwasababu ndiyo maana swali la mzee lilinishtua, lilikuja kutoka upande ambao sikuwa nimeuangalia.

## Mlolongo

Hatua zenyewe mnazijua, siwezi kuzirudia zote. Jina la biashara BRELA, wakala wa kusajili biashara, ni elfu 20 na unafanya mwenyewe kwenye simu. TIN, namba ya mlipakodi, nilikuwa nayo tangu nilipochukua leseni ya udereva, ila ile siyo ya biashara, inabidi uende TRA, mamlaka ya mapato, waibadilishe, wakukadirie mapato, upate kile cheti cha kulipa kodi ndiyo halmashauri wakusikilize. Makadirio unalipa kwa awamu nne kwa mwaka, na yanaanza kuhesabika kabla hujauza hata tairi. Hapo watu wengi wanarudi nyuma na nawaelewa.

Kazi ilikuwa eneo.

Gari inauzwa na barabara, ukiweka yadi uchochoroni hakuna atakayejua upo. Lakini ukitaka barabara kubwa unakutana na hifadhi ya barabara, mita 30 kila upande kutoka katikati, Sheria ya Barabara ya 2007, zile nyumba zenye X nyekundu ya kubomolewa wote tunazijua. Eneo la kwanza nililipenda sana, liko njia ya kwenda Mikindani, tambarare, kivuli kipo. Tukavuta futi na kijana wangu, nusu ya gari zangu zingekuwa zimepaki ndani ya hifadhi. Nikaliacha kwa moyo mzito.

La pili lilikuwa salama ila mwenye eneo hataki maandishi. Yeye anataka tukubaliane kwa mdomo, hela mkononi, na ukisema mkataba wa pango anajua kinachofuata, kwamba mpangaji anatakiwa akate asilimia 10 ya kodi ya pango aipeleke TRA kwa jina lake, na mkataba wenyewe unalipiwa ushuru wa stempu. Baba wa watu alikuwa na hoja kwa upande wake, miaka yote amepangisha na hakuna aliyewahi kumkata. Lakini bila mkataba hakuna leseni. Tulizungushana sana, mwishoe nikapandisha kodi kidogo ili ile kumi isimuumize peke yake, akasaini. Nawaambia wanaotaka kuanza, bajeti yenu iandikeni hiyo asilimia 10 kama yenu, kwasababu mara nyingi ndiyo itakavyokuwa.

Baada ya hapo mambo yakaenda. Mfumo wa TAUSI wa kuombea leseni ya halmashauri mtandaoni, namba ya malipo, nikalipa, leseni ikatoka, zimamoto wakapita, mashine ya EFD nikanunua. Nikaichapisha leseni kwa rangi nikaipeleka kwa fundi fremu.

## Ambacho hakuna aliyeniuliza

Mzee alivyoondoka nilikaa nikaanza kurudi nyuma, ofisi moja moja, niangalie nani aliniuliza nini.

Wameniuliza mimi ni nani. NIDA.

Wameniuliza nitalipa kodi gani, wapi, lini.

Wameniuliza nitakaa wapi na nani mwenye eneo, na moto ukiwaka nitauzima na nini.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama najua gari. Hakuna aliyeniuliza magari nitayatoa wapi, nitahakikishaje kwamba aliyeniletea ndiye mwenye kadi, hela ya mteja akiniachia advansi nitaiweka wapi, na gari ikizima njiani kabla hajafika Nanguruwe tutafanyaje. Ningekuwa nauza vitenge fomu zingekuwa hizo hizo.

Silaumu maofisa, wameniuliza kinachotakiwa kuulizwa na kwakweli walinisaidia. Nasema tu kwamba mzee aliisoma ile karatasi vizuri kuliko mimi.

Nina mtu niliyesoma naye yuko California, nikamwelezea. Akaniambia kule huwezi kupewa leseni ya kuuza magari yaliyotumika mpaka ukae darasani masaa 6, ufanye mtihani, halafu uweke dhamana ya dola 50,000 kwa kampuni ya dhamana, ili ukimtapeli mteja au usimpe hati ya gari yake awe na pa kudai hata kama wewe umefunga na kukimbia. Na kwa karibu Marekani nzima, tangu 1985, kila gari iliyotumika inayouzwa na mfanyabiashara inabandikwa karatasi kwenye kioo inasema wazi kama inauzwa na waranti au inauzwa kama ilivyo.

Dola 50,000! Yeye mwenyewe akanifafanulia kwamba hutoi zote, unailipia kampuni sehemu tu kila mwaka kama bima. Hata hivyo hapa Mtwara masharti kama hayo yangefunga kila yadi na kutuacha na simu tu, tungerudi tulipotoka. Sitaki hiyo sheria hapa. Lakini ile karatasi ya kwenye kioo ilinibakia.

## Kwa wakili

Nilimpigia yule mpwa kuuliza kama bado wanaitaka Probox. Akaniambia kwa adabu kabisa, mzee ameshanunua Masasi, kwa mtoto wa dada yake, kwa bei ya juu kidogo kuliko yangu. Nikamuuliza kwanini. "Dada, yule hata akimuuzia mbovu, mzee anajua pa kumpata, na akikataa kumsikiliza kuna wajomba."

Nilikata simu nikaenda moja kwa moja kwa wakili anayetuandikiaga mikataba. Nikamuuliza kama mzee alivyoniuliza mimi. Leseni yangu inamsaidia nini mnunuzi?

Nilitegemea aseme haimsaidii kitu.

Akaniambia inamsaidia, na siyo kidogo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatofautisha kati ya mtu anayeuza gari yake binafsi na mtu ambaye kuuza ndiyo kazi yake. Yule wa kwanza, ukiacha kwamba lazima kitu kiwe chake kweli na kiwe kama alivyokielezea, mengine mnunuzi ajiangalie mwenyewe. Wa pili ni tofauti, mteja akishamwambia hii gari naitaka kwa kazi fulani na anategemea ujuzi wake, sheria yenyewe inaingiza sharti kwamba gari ifae kwa kazi hiyo, hata kama hakuna mtu aliyeliandika. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza kumdanganya mteja kuhusu unachomuuzia. Sasa dalali wa barabarani kesho atasema mimi nilikuwa namsaidia tu jirani kuuza. Wewe una leseni imeandikwa uuzaji wa magari, huwezi kusema hivyo mahakamani.

Nikafurahi, nakwambia kweli, nilisikia kama nimepata jibu la kumpelekea mzee Tandahimba.

Wakili akavuta droo akatoa nakala ya mkataba tunaotumia, ule ambao tunatumia wote mjini hapa, umepigwa kopi mpaka herufi zimefifia.

"Soma mstari wa nne."

*Mnunuzi amelikagua gari, ameridhika nalo na amelinunua kama lilivyo.*

Akasema hiyo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaruhusu watu wakubaliane kuyaondoa yale masharti. Na kama mnunuzi amekagua, kasoro ambayo ukaguzi wake ungeionesha si rahisi tena kumdai muuzaji. Kwahiyo huo mstari mmoja umewekwa pale makusudi, ufanye kazi hiyo.

Nilinyamaza muda. Leseni inampa mzee kitu, halafu mkataba wangu, ofisi ile ile, meza ile ile, unakichukua kabla hajatoka nje.

## Bisibisi

Ningeweza kuishia hapo na kuacha mambo yalivyo, maana hakuna anayelalamika, mstari upo miaka yote. Ila wiki ile ile ililetwa Toyota IST, silver, namba D, ya mtu anayekaa karibu na bahari. Juu ilikuwa inang'aa. Ndani safi, siti hazijachanika, injini inaunguruma vizuri. Namba ya chesisi nikaikagua kwa tochi pale ilipogongwa kwenye bati nyuma ya injini, tarakimu kwa tarakimu na kadi, ikalingana. Kadi jina lake mwenyewe, faini za trafiki hakuna. Mimi nilishaanza kupiga hesabu.

Fundi wangu akapiga jeki, akaingia chini. Uvunguni kote kumepakwa rangi nyeusi nzito, mbichi, inanuka bado. Akaniita niangalie. Akachukua bisibisi akagusa ule ukingo wa chini ya mlango, upande wa dereva, hakupiga, aligusa tu, na bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini. Akaitoa, ikaja na vipande vya kutu laini vikamwagika kifuani kwake. Akasogea nusu mita, akagusa tena, ikaingia tena.

Chumvi ya bahari. Gari ya pwani isiyooshwa chini inaliwa hivyo, taratibu, na ile rangi nyeusi inaficha tu.

Nikamwambia mwenye gari kwamba naweza kuiuza lakini nitaandika. Akaniangalia kama namtania. "Sista, si wanakuja na mafundi wao? Wasipoona shauri yao." Na ndivyo mstari wa nne unavyosema, kwa lugha ya kisheria. Shauri yao.

Nikafikiria mnunuzi wa IST Mtwara ni nani. Mara nyingi ni mwalimu au nesi aliyekopa, makato ya mshahara miaka kadhaa, gari yake ya kwanza. Hana fundi, ana shemeji anayejua magari kidogo. Mlango wa dereva ndiyo upande ambao yeye mwenyewe atakaa.

Nikakataa kuiweka bila maandishi. Akaichukua akaipeleka kwingine na nikasikia haikumaliza wiki, iliuzwa. Kamisheni yangu ilienda hivyo hivyo, na sitasema haikuniuma, ilikuwa mwezi mgumu na kodi ya eneo haisubiri.

## Niliyoyabadilisha

Mstari wa nne nimeufuta. Wakili ameniandikia mwingine, mrefu, una nafasi ya kujaza kasoro zinazojulikana, moja moja, na pande zote mbili tunasaini pembeni yake. Kutu iko wapi. Bodi imewahi kunyooshwa wapi. AC inafanya kazi au inapuliza upepo tu. Taa ya injini inawaka au hapana. Kilometa naandika zinazosomeka kwenye dashibodi na naandika kwamba sizithibitishi, isipokuwa gari imekuja na karatasi ya mnada ya Japani na namba zinaendana, maana gari iliyozunguka hapa nchini miaka kumi hakuna mtu anayejua ukweli wake.

Karatasi hiyo hiyo nabandika kwenye kioo, mteja anaisoma hata kabla hajaniita.

Gari ambayo kadi haina jina la aliyeileta siipokei, hata awe ndugu yangu. Hapa ndipo madalali wenzangu wamenikasirikia zaidi, kwasababu magari mengi ya mjini yamepita mikono miwili mitatu bila kuhamishwa umiliki, kila mtu anakwepa gharama za TRA anamwachia anayefuata. Najua nawafungia wengi mlango. Lakini mtu asiye mwenye mali hawezi kukuhamishia mali, na yule wa kwanza kwenye kadi akifariki au akikana, anayelia ni wa mwisho. Pesa ya kuhamisha kadi naikata siku ya mauzo, na muuzaji salio lake anamaliziwa kadi ikishatoka na jina jipya.

"Utauza lini wewe?" Nimeulizwa hivyo na mtu ninayemheshimu sana kwenye kazi hii, kaka aliyenifundisha kuangalia moshi wa ekzosi asubuhi gari ikiwa ya baridi. Anasema mteja akiona orodha ya kasoro anakimbilia kwa asiyeandika. Na kwa sehemu yuko sahihi, wapo waliosoma kioo wakaondoka. Wapo pia ambao wamesoma, wamekaa chini, wameomba bei ishuke kwa kile kilichoandikwa, tumeshusha, wamenunua. Hawa hawanipigii simu usiku. Mpaka sasa siwezi kusema upande gani ni mwingi na sitaki kujipa moyo wa uongo, msimu wa korosho ndiyo utaniambia, minada ikianza Oktoba na hela zikishaingia akaunti za wakulima.

## Ambalo sijalimaliza

Giaboksi.

Kutu naiona, jina la kadi naliona, ila giaboksi ya otomatiki inayokaribia kufa inaweza kutembea mjini hapa kutoka Chuno mpaka Ligula bila tatizo lolote, halafu ikakuachia siku unapanda mlima wa Newala ukitokea upande wa Masasi umebeba mzigo. Nataka kumpa mteja waranti ya injini na giaboksi, hata fupi. Fundi anasema wiki mbili inatosha, ikiwa mbovu itajionesha. Wakili anasema niandike pia kilometa, siyo siku peke yake, maana mwingine atafanya teksi mchana na usiku. Mume wangu anasema giaboksi moja tu ikigoma inakula faida ya gari tatu, na anauliza hiyo hela itatoka wapi. Wote watatu wana hoja.

Ninachojaribu sasa ni kutenga kiasi kwenye kila gari nikiuza, akaunti ya pembeni, isiguswe kwa kodi wala kwa ada za shule. Bado ni kidogo sana, haijafika hata bei ya giaboksi moja ya mtumba. Ndiyo maana kwenye mkataba hiyo sehemu ya waranti bado iko wazi, sitaandika ahadi ambayo akaunti haiwezi kuilipa.

Kama una yadi Masasi, Nachingwea, Lindi mjini au popote, na umewahi kutoa waranti ya giaboksi kwa gari iliyotumika, niandikie. Uliweka siku ngapi, kilometa ngapi, na ya kwanza iliyorudi ilikugharimu kiasi gani. Mkataba wangu mpya nitamtumia yeyote anayeutaka, bure, aukate auongeze anavyoona, ila mstari wa nne wa zamani asiurudishe.